Mfumo ukifa mapema, kaya ndiyo inayolipa

Kaa nusu saa pembeni ya fundi simu yeyote wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, usikilize wateja wake. Wenye vioo vilivyopasuka na matundu ya chaji yaliyolegea bado wapo. Lakini lipo kundi jingine linalozidi kukua: watu wenye simu nzima. Kioo kisafi, betri inafika jioni, spika inasikika mpaka barabarani. Shida yao ni kwamba programu ya benki imegoma kufunguka tangu isasishwe, au simu inasema imejaa ilhali mwenyewe hana picha hata mia moja, au umetokea ujumbe kwamba toleo la mfumo endeshi alilonalo halitumiki tena. Fundi anaigeuza simu, anaingia kwenye mipangilio, anatikisa kichwa. "Mama, simu yako haina ubovu. Imepitwa na wakati tu, tafuta nyingine." Mama anaipokea, anaitazama. "Sasa mwanangu, kama haina ubovu, nyingine ya nini?"

Jambo hilohilo unalikuta kwenye madirisha ya ofisi kwa sura tofauti. "Mfumo uko chini, rudi kesho." "Tumehamia mfumo mpya, taarifa zako hazikuhamishwa, lete tena nakala za vyeti." Mkulima aliyepanda bodaboda alfajiri anarudi kijijini mikono mitupu, nauli imekwenda na siku ya shamba imepotea.

Tumezoea kuyapokea haya kama mvua na jua, kwamba teknolojia ndivyo ilivyo. Sikubaliani. Nyuma ya kila simu nzima inayotupwa na kila dirisha lililofungwa kuna maamuzi yaliyofanywa mezani na msanifu wa mfumo, au aliyemlipa: mfumo huu utaishi miaka mingapi, utafanya kazi kwenye kifaa cha namna gani, utakula bando kiasi gani, na fedha za kuanzia zikiisha nani atautunza. Maswali hayo yasipoulizwa mwanzo, gharama yake haipotei. Inahama kutoka kwenye bajeti ya mradi na kuingia kwenye mkoba wa mama yule. Ndiyo maana nasema uendelevu uwe sehemu ya usanifu kabla mstari wa kwanza wa programu haujaandikwa, na kwa mifumo inayolipiwa na kodi zetu uwe sharti lililoandikwa.

Tarakimu 60 za LUKU

Upo mfano ambao karibu kila kaya yenye umeme wa malipo ya kabla iliupitia mwaka 2024. Ulinunua LUKU, na badala ya kundi moja la tarakimu 20 ulilolizoea, ukaletewa makundi matatu. TANESCO ilitangaza kwamba mita zinaboreshwa na kwamba kazi hiyo ikamilike ifikapo Novemba 24, 2024. Kenya Power nao walikuwa wanawatangazia wateja wao jambo hilohilo, kwa tarehe hiyohiyo. Wengi wetu tuliingiza namba, taa zikawaka, tukasahau. Lakini kwa nini tarehe hiyo, na kwa nini nchi nyingi kwa pamoja?

Mita hizi hufuata kiwango kiitwacho STS, kilichozaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mita inahitaji njia ya kutambua kwamba namba unayoiingiza haijawahi kutumika, la sivyo ungenunua umeme mara moja na kuirudia namba ileile kila wiki. Wasanifu wakaamua kila namba ibebe ndani yake muda ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika kuanzia Januari 1, 1993. Nafasi waliyoitenga kwa hesabu hiyo ilikuwa biti 24, na biti 24 hubeba dakika 16,777,216, basi. Ukizigawa kwa dakika za mwaka unapata miaka 32 kasoro kidogo. Zinaishia Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita inaiona namba mpya kabisa kama kitu cha zamani. Inaikataa.

Je, wasanifu wale walizembea? Nasema hapana, na kwa dhati kabisa. Namba ile inaingizwa na mtu kwa kidole chake, mara nyingi gizani, umeme ukiwa umeshakatika. Kila nafasi ambayo wangeiongeza ingeirefusha. Wakachagua urefu ambao binadamu anaumudu, wakaweka wazi kwamba hesabu ina mwisho na mwisho huo ni lini, kisha wakaacha mlango wa kutokea. Makundi mawili ya kwanza kati ya yale matatu yalikuwa ya kubadilisha ufunguo wa mita na kufuta kumbukumbu zake za zamani, ili hesabu ianze upya kutoka mwaka 2014. Mita ileile, ukutani palepale, ikaendelea na kazi. Duniani kuna makumi ya mamilioni ya mita za namna hii. Bila mlango huo zingeng'olewa zote, na mwananchi angelipia mpya.

Hata hivyo mzigo uliofika nyumbani ulikuwepo, na tusiupuuze. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja, aliyenunua umeme siku ile ndiye aliyesimama na karatasi na tochi, akiingiza kundi la kwanza, anasubiri ikubali, kundi la pili, anasubiri, kisha la tatu. Bibi mwenye macho hafifu alilazimika kumngoja mjukuu atoke shule. Afrika Kusini, nchi iliyokizaa kiwango chenyewe, tarehe ilifika zikiwa bado zipo mita nyingi ambazo hazijabadilishwa. Taarifa ya miaka 30 haikutosha kwa sababu haikuwafikia wanaoishi na mita hizo.

Hesabu mpya nayo itafika mwisho mwaka 2045. Nani ameiandika tarehe hiyo mahali ambapo mfanyakazi wa wakati huo, ambaye leo huenda yuko darasa la tatu, ataikuta?

Na kabla ya 2045 iko 2038. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia Januari 1, 1970, na zile za mpangilio wa zamani wa biti 32 haziwezi kuvuka sekunde 2,147,483,647. Kwa saa za Afrika Mashariki zitaishiwa Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi. Mashine mpya zimeshahamia kwenye nafasi kubwa zaidi ya biti 64. Wasiwasi wangu uko kwa zile ndogo zilizofichwa: kidhibiti cha pampu ya maji, lango la maegesho, kanzidata ya zamani ya ofisi ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Mtu anayesaini leo mkopo wa nyumba wa miaka 15 anavuka tarehe hiyo akiwa bado analipa. Kijana aliyeanza kuchangia mfuko wa pensheni mwaka huu ataivuka akiwa bado kazini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ufa ambao tunaijua hadi dakika utakapopasuka.

Simu nzima iliyoitwa mbovu

Mwaka 1995 mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uswisi, Niklaus Wirth, aliyeitunga lugha ya Pascal, aliandika makala akionya kwamba programu zinapungua kasi haraka kuliko vifaa vinavyoongeza nguvu. Miaka 30 imepita na onyo lake linatembea mitaani. Simu ya leo ina kumbukumbu kubwa mara nyingi kuliko kompyuta ya ofisi ya mwaka ule, na bado inakwama kufungua ukurasa wa matokeo ya mtihani, kwa sababu ukurasa huo umebeba picha nzito, video inayojiendesha yenyewe na vijiprogramu vya kumfuatilia msomaji ambavyo yeye hakuviomba.

Msanifu hayaoni haya, kwa sababu anafanyia kazi kwenye kompyuta mpya yenye intaneti ya waya. Anapoongeza kipengele, kwake kinafunguka kufumba na kufumbua. Simu ya mteja wa Tandahimba hanayo mezani.

Kisha zinakuja tarehe za kufungiwa mlango. Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android za toleo la 4.4 na yaliyotangulia. Mei mwaka huohuo zikafuata iPhone za zamani ambazo hazifikii toleo la 15.1. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10, na mrithi wake, Windows 11, anadai kifaa cha usalama ambacho kompyuta nyingi zilizonunuliwa muongo mmoja uliopita hazina. Mwishoni mwa 2023 kampuni ya utafiti wa soko ya Canalys ilikadiria kwamba mabadiliko hayo yanaweza kuzigeuza kompyuta milioni 240 kuwa taka. Sasa jiulize shule zetu za sekondari zina kompyuta za namna gani. Nyingi zilifika zikiwa zimeshatumika Ulaya au Dubai. Tunaletewa kifaa kikiwa na miaka saba, na programu inakitaka kiwe na mitatu.

Sipingi kila usitishaji. Usalama una hoja yake: programu isiyozibwa matundu ni mlango wa wezi, na hakuna kampuni inayoweza kulitunza kila toleo milele. Ninachopinga ni uamuzi huo kufanywa bila mtu kuhesabu upande wa pili. Ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki iliyotolewa 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelewa kwa utaratibu rasmi. Kwa simu janja, sehemu kubwa ya hewa ukaa hutoka wakati wa kuitengeneza, kabla hujaichaji hata mara moja. Kwa hiyo njia ya kwanza ya kupunguza madhara yake ni kuitumia miaka mingi, na anayeamua miaka hiyo, zaidi ya fundi na zaidi hata ya mwenye simu, ni mwandishi wa programu.

Wasomaji wa Kolwezi na Lubumbashi hawahitaji kuelezwa mnyororo huu unaanzia wapi. Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia kwenye betri za simu na kompyuta mpakato, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono kwenye mashimo ya Lualaba. Simu nzima ikitupwa Dar es Salaam, au Muscat, au Paris, shimo jingine linachimbwa huko.

Wapo watakaosema nguvu zielekezwe kwenye vituo vikubwa vya data, hasa sasa akili mnemba inapovimeza vyote. Ni kweli vinakula. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vilitumia terawati-saa 415 za umeme, kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Bwawa la Julius Nyerere, hata lingezungusha megawati zake zote 2,115 usiku na mchana mwaka mzima, lingetoa kama terawati-saa 18.5, maana yake yangehitajika mabwawa zaidi ya 22 ya ukubwa huo kwa kazi hiyo moja. Lakini kwa kaya ya Afrika Mashariki naamini uzito mkubwa zaidi uko kwenye kifaa cha mkononi na bando lake, na huko ndiko msanifu wa hapa nyumbani ana uwezo wa kubadilisha kitu kesho asubuhi.

Kilichofikiriwa kwa ajili ya kitochi

Tunao ushahidi kwamba inawezekana, na hatukuuagiza kutoka mbali. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, wasanifu wake hawakumsubiri mteja anunue simu bora. Walichukua kile alichokuwa nacho, kitochi chenye kadi ya simu na ujumbe mfupi, wakaijenga huduma ndani ya mipaka hiyo. Leo bado unabonyeza *150*00# kwenye simu ya miaka 15 na menyu inatokea. Haihitaji bando, haihitaji nafasi, haikuombi usasishe chochote. Mama lishe anapokea malipo, mzazi wa Kibondo analipa ada, na kikitumika kipimo cha miaka ya maisha, hakuna programu ya kisasa niijuayo iliyoikaribia.

Menyu hizo zina upungufu wake. Muda ukiisha katikati zinakatika, na hazimfai vizuri asiyejua kusoma. Lakini angalia jinsi umaskini wa kifaa ulivyochukuliwa kama sharti la usanifu tangu siku ya kwanza. Leo tumeligeuza. Tunajenga programu ya megabaiti mia, halafu tunaandaa warsha ya kujadili kwa nini wananchi hawaitumii.

Mosoriot, Kampala na nguo ya kuazima

Kuifahamu programu inayodumu kwa sababu ya jinsi ilivyosanifiwa, twende magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo mdogo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access. Ulifanya kazi yake vizuri. Kisha huduma ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ikapanuka chini ya mpango wa AMPATH, wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na washirika wao wa Indiana, na wagonjwa wakaongezeka kupita uwezo wa mfumo. Mwaka 2004 wakakaa chini kuusanifu upya, na hapo ndipo ilipozaliwa OpenMRS.

Nataka tutazame kitu kimoja ndani yake, kwa sababu ndicho kinachotenganisha mfumo wa miaka mitatu na wa miaka 20. Katika mifumo mingi, kila swali analoulizwa mgonjwa lina safu yake kwenye jedwali la kanzidata: uzito, joto, kipimo cha malaria. Wizara ikileta swali jipya, lazima mtaalamu afungue jedwali, aongeze safu, arekebishe fomu, arekebishe ripoti, na mara nyingi avunje kitu kingine njiani. OpenMRS ilijengwa juu ya kamusi ya dhana. Swali lenyewe ni taarifa inayosajiliwa kwenye kamusi, na jibu la mgonjwa ni mstari unaorejea kwenye kamusi hiyo. Ukitaka kuanza kuuliza kuhusu kisukari, unasajili dhana mpya, na jedwali halivunjwi. Wale watu walikubali mapema kwamba hawajui wizara itauliza nini miaka kumi baadaye, wakaiachia nafasi hali hiyo ya kutokujua. Msimbo wakauacha huria, na haukupita muda mrefu ukawa unatumika Rwanda, kisha nchi nyingine nyingi.

Sasa vuka mpaka uingie Uganda. Huko mashirika yalikuwa yakimiminika na miradi ya afya kwa simu, kila moja na mfumo wake, mfadhili wake, wilaya zake mbili tatu. Kati ya miradi 36 ya mwaka 2008 na 2009, 23 haikuvuka hatua ya majaribio. Muuguzi aliyefundishwa mfumo mmoja Machi alifundishwa mwingine Septemba, na yote miwili ikazimika. Januari 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ikatoa agizo la kusimamisha miradi yote mipya ya namna hiyo mpaka iratibiwe. Wengine waliliona agizo hilo kama kuzuia ubunifu. Mimi naliona kuwa moja ya maamuzi ya busara zaidi yaliyowahi kufanywa na wizara yoyote ya ukanda huu kuhusu teknolojia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na waliokuwa wanaangukia ukingoni ni wagonjwa, ambao kumbukumbu zao zilibaki kwenye seva ambayo hakuna aliyeilipia tena.

Nguo ya kuazima haisitiri. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, swali la nani analipia seva, nani anamlipa mtunza kanzidata na nenosiri la msimamizi liko kwa nani liligeuka kuwa la dharura katika nchi nyingi. Ni swali lililopaswa kujibiwa siku mkataba uliposainiwa.

Linganisha na safari ya DHIS2, inayokusanya takwimu za zahanati na hospitali Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi. Mizizi yake iko Afrika Kusini baada ya 1994, na inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, kwa hiyo nayo ina wafadhili wa nje. Tofauti ni kwamba wataalamu wa vyuo vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamekuwa sehemu ya mtandao unaoijenga na kuitunza. Tena pale zahanati vitabu vya takwimu vya MTUHA vikaendelea kujazwa kwa kalamu. Wapo wanaodhani kwamba hilo ni aibu. Wakati umeme umekatika na mama mjamzito yuko mlangoni, kitabu kile ni sehemu ya mfumo, na aliyekibakiza alijua anachofanya.

Nyaya za baharini zilipokatika

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tuliona siku ile mifumo ipi imesanifiwa kwa ajili ya maisha ya hapa. Duka ambalo programu yake ya mauzo huandika kwanza kwenye kifaa na kutuma baadaye liliendelea kuuza. Lile ambalo kila risiti lazima iende seva ya ng'ambo na kurudi lilisimama, ingawa mteja, mchele na fedha vyote vilikuwa ndani ya chumba kimoja.

Kuandika kwanza karibu na kutuma baadaye ni kazi ngumu zaidi kwa msanifu, nalikiri hilo, kwa sababu watu wawili wanaweza kubadilisha taarifa moja kwa wakati mmoja na lazima mfumo ujue yupi asikilizwe. Lakini ni mara ngapi mtandao umekatika mtaani kwako mwaka huu?

Yaandikwe kwenye zabuni

Halmashauri inayonunua pampu ya kisima huuliza vipuri vinapatikana wapi na fundi wa karibu ni nani. Inayonunua mfumo wa kompyuta huuliza una vipengele vingapi na uzinduzi ni lini. Napendekeza maswali ya pampu yahamie huku. Zabuni zetu za umma sasa hupitia NeST, mfumo uliojengwa na wataalamu wa ndani, kwa hiyo pa kuyaandika papo.

Mnunuzi adai mfumo ujaribiwe na upite kwenye simu ya bei ya chini kabisa iliyopo sokoni na kwenye kompyuta yenye umri wa miaka mitano. Sharti hilo la pili si ndoto yangu. Ujerumani, nembo ya mazingira ya Blauer Engel iliweka vigezo vya programu mwaka 2020, na kimojawapo ni kwamba programu ifanye kazi kwenye mashine ya miaka mitano nyuma. Mwaka 2022 kisomaji cha nyaraka kiitwacho Okular, ambacho ni programu huria, kikawa cha kwanza kuipata nembo hiyo. Adai pia bajeti ya matunzo ya miaka isiyopungua mitano ionekane kwenye mkataba, kwa tarakimu, ikiwa na jina la chombo kitakacholipa mfadhili akiondoka. Taarifa zihifadhiwe katika muundo unaosomeka na mifumo mingine, ili siku ya kuhama raia asiambiwe alete vyeti upya. Na kila kikomo kinachojulikana, kama kile cha 2045, kiandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa nyaraka za makabidhiano.

Umoja wa Ulaya, tangu Juni 20, 2025, unawataka wauzaji wa simu janja kwenye soko lake watoe masasisho ya mfumo endeshi kwa angalau miaka mitano tangu waache kuliuza toleo husika la simu, pamoja na vipuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane na soko la mamia ya mamilioni ya watu. Kwa nini tuendelee kuwa mahali pa kumalizia simu ambazo masasisho yake yalikoma kabla hazijashushwa bandarini? Tulipotaka tuliweza: vishikwambi vya sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 havikuachwa stoo, walikabidhiwa walimu.

Kwa wenye kampuni binafsi sina sheria ya kuwatisha nayo, nina ombi. Mpimeni mwandishi wa programu wenu kwa kile alichokipunguza pia: megabaiti alizotoa, picha alizokandamiza, kipengele alichokataa kukiongeza. Kila megabaiti inayoondolewa inamrudishia dereva bodaboda sehemu ya bando lake la siku, na wateja wenu wengi ni watu wa bando la siku.

Walimu wa vyuo wana nafasi kubwa kuliko sisi sote. Mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi wa kompyuta, iwe Dodoma, Juja au Makerere, kwa kawaida huoneshwa kwenye kompyuta yake mwenyewe, ndani ya ukumbi wenye mtandao mzuri, na alama hutolewa kwa wingi wa vipengele. Ibadilisheni siku hiyo moja. Mhadhiri aje na simu ya mitumba, azime mtandao kwa dakika kumi katikati ya maonyesho, aurudishe, kisha amwombe mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye hakuuandika mfumo huo aongeze swali moja jipya kwenye fomu kwa kusoma nyaraka peke yake. Alama nusu zitoke hapo.